Karatasi Niliyomjazia Baba Rehema

Wiki iliyopita nilipita kituoni kuchukua dawa yangu ya presha, nikawakuta nyinyi vijana wa ambulansi, watano, kwenye korido mnajaza karatasi za utafiti. Mmoja alikuwa ameinama, mwenzake ameweka karatasi mgongoni mwake kama meza, na kalamu ilikuwa moja inazunguka. Unalala vizuri? Tiki. Unapata hasira bila sababu? Tiki. Dakika tatu mmemaliza, mkaenda kunywa chai. Nilisimama pale na kadi ya dawa mkononi nikitamani kuwatandika wote watano. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilifanya vibaya kuliko nyinyi, maana nyinyi angalau kila mtu alijaza ya kwake.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mtanisamehe wanangu, mi nimezoea kuongea, si kuandika, na nikiongea siendi mstari mmoja. Mwenye haraka aende akaangalie oksijeni kama imejaa, atakuta ninaendelea.

Mimi ni Mama Swalehe wa mtaa wa Buyenzi, muuguzi mstaafu. Miaka ishirini na sita nimefanya kazi ndani ya ambulansi za mji huu, na kumi na moja ya mwisho nilikaa kwenye gari moja na shoferi mmoja, Hamisi, ambaye sisi tunamwita Baba Rehema. Mnamjua. Ndiye anayewafundisha kurudi nyuma na gari, na mkikaribia ukuta anagonga bati kwa kiganja bila kusema neno. Mnamcheka kwamba ni bubu. Hamjui kwamba ilibaki kidogo mumkose kabisa, na kwamba mkono wangu ulikuwa ndani ya jambo hilo.

Lakini nianze na upumbavu wangu wa mwanzo, ili mjue sikuzaliwa na hekima. Mwaka wangu wa kwanza tuliitwa mtaa wa Mutanga Nord, kwenye nyumba nzuri yenye bustani. Tunaingia, tunamkuta mama mmoja amelala barazani, macho yamefungwa, watu wanampepea. Mi damu ilikuwa bado moto. Nikasema machela, haraka, tukambeba, tukawasha king'ora, tukaondoka. Tumefika katikati ya mji mama akafungua macho, akaniuliza anapelekwa wapi. Nikamwambia hospitali, mama, utapona. Akasema, "Mi si mgonjwa. Nilizimia tu kwa kumuona shemeji. Mgonjwa ni shemeji, yuko chumbani."

Tuligeuza gari. Shemeji tulimkuta ameketi kitandani amevaa koti, ametusubiri kwa adabu zake zote. Alikuwa na pumu. Alipona, na kila mwaka mpaka alipohamia Kigoma alikuwa akinitumia salamu kupitia watu: mwambieni yule muuguzi mgonjwa alikuwa mimi.

Aliyenifundisha kazi wakati huo alikuwa Mzee Balthazar, mtu wa Uvira, Mkristo mwenye Biblia ndogo mfuko wa kushoto na mkasi mfuko wa kulia. Hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu nalo nawapa: ukifika, kabla hujashika mtu, uliza jina la mgonjwa, halafu muulize mgonjwa mwenyewe jina lake. Akijibu, umejua anapumua, anasikia na akili iko. Asipojibu, umejua pia. Mashine zenu za kidoleni ni nzuri, sizikatai, lakini betri zikiisha jina bado lipo.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha pia habari ya viatu. Mkimbeba mtu, chukueni viatu vyake. Nyinyi mnamkimbiza hospitali, sawa, anatibiwa, siku ya tano anaambiwa nenda nyumbani, naye hana hata kandambili. Nimeona wazee wanarudi mtaani kwao Cibitoke kwa miguu mitupu juu ya lami ya saa saba mchana. Kuokoa mtu halafu kumuunguza nyayo si kazi nzuri. Na habari ya ndugu: watataka kupanda saba, na godoro, na sufuria ya wali. Mchukue mmoja. Usimchukue anayelia zaidi wala anayetoa amri zaidi. Tafuta yule aliyesimama pembeni ameshika karatasi za dawa za zamani. Huyo ndiye anayemjua mgonjwa.

Sasa Baba Rehema. Alikuwa fundi magari kwanza, gereji ya kwao hapohapo Buyenzi, kabla hajaja kuendesha. Gari lake alilisikiliza kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Hakuwahi kuingia uchochoro kwa pua. Alikuwa anageuza kabisa barabarani, anaingia kwa kurudi nyuma, ili wakati wa kutoka na mgonjwa pua iwe tayari imeelekea hospitali. Watu wa mtaa walikuwa wanamcheka, shoferi gani huyu anayekuja kwa makalio. Yeye kimya. Vichochoro vyenye mifereji pande mbili, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza, na kwa miaka yote sikuwahi kusikia bati linakwaruza.

Na kwa kuwa yeye haongei na mimi siwezi kunyamaza, tuligawana. Yeye mikono, mimi mdomo. Mlinzi wa hospitali akimsalimia, habari Mzee, mimi ndiye niliyejibu, mzima, alhamdulillahi. Shefu wa kituo, mkubwa wetu wa kazi, akimuuliza kama amechoka, najibu mimi. Siku moja mke wake, Mama Rehema, alinipigia simu kuniuliza kama mumewe amekasirika au amechoka, maana amekula bila kusema kitu. Nikamjibu hapohapo, sijamuangalia hata uso: amechoka. Kituoni walisema sisi wawili tuna mdomo mmoja. Mi nilijisikia vizuri sana kusikia hivyo, niseme kweli. Nilidhani ndiyo upendo wenyewe.

Kulikuwa na desturi moja ambayo nyinyi mmeikuta, lakini hamjui ilikotoka. Mtu akifia ndani ya gari, shoferi ndiye anayeliosha, mwenyewe, kwa ndoo na kitambaa, pale bombani nyuma ya kituo. Hasaidiwi na hasemeshwi. Hata shefu akipita anapita upande wa pili. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, hata Mzee Balthazar aliikuta. Baba Rehema alikuwa anaanza na sakafu, anapanda kwenye kuta, anatoka nje, anaosha milango, na wakati wote midomo inacheza, nadhani alikuwa anamuombea dua marehemu. Akimaliza anamwaga maji, anakunja kitambaa, anakuja kuketi, anakula sambusa yake ya chai. Nikiona ameila yote, najua ameirudisha roho yake mahali pake. Hiyo ilikuwa saa nzima, wakati mwingine zaidi kidogo.

Basi ikaja siku ya Cibitoke. Sitaivuta. Mtoto wa miaka minne alikutwa ndani ya shimo lililojaa maji ya mvua nyuma ya karakana moja. Tulifika mchana, mama yake amemkumbatia mlangoni. Nilimpokea, nikaingia naye nyuma, mama akapanda, na Baba Rehema akaondoka. Akachukua njia ya juu, ile aliyoizoea. Mbele akakuta wamechimba mtaro wa mabomba kukata barabara nzima, asubuhi ile ile, hakuna aliyetuambia. Ikabidi arudi nyuma kichochoro chote, mita zaidi ya mia, watu wanakimbia kupisha. Alirudi vizuri kama kawaida yake, hakugusa kitu. Kisha tukashika njia ya chini. Mi nilibonyeza kile kifua kidogo njia nzima, sikupumzika, kwa sababu mama yake alikuwa ameketi pembeni yangu anaitazama mikono yangu. Hospitali walimpokea, wakatuambia amefariki.

Siku hiyo Baba Rehema aliosha gari mpaka magurudumu. Nilimuona anaosha hata kioo cha nyuma, kile cha kutazamia, anakirudia na kukirudia. Nikasema moyoni, mwache, ndiyo dawa yake. Sambusa yake ilibaki kwenye sahani. Nikaila mimi.

Wiki chache baadaye akaja Dada Clarisse. Alikuwa daktari kijana, mtoto wa Mutanga Nord, anaandika kitabu chake cha chuo kuhusu watu wa ambulansi: tunafanya kazi vipi, na sisi wenyewe tuko vipi. Ile sehemu ya pili ilituchekesha. Sisi? Mgonjwa si yuko nyuma, sisi tuko mbele. Kwa muda mrefu alipanda nasi, daftari kwenye goti na saa mkononi, anaandika tumetoka saa ngapi, tumefika saa ngapi, tumefanya nini. Siku ya kwanza alitapika kwenye kile kibeseni cha chuma. Baba Rehema akapunguza mwendo bila kuambiwa, akafungua dirisha upande wake. Dada Clarisse aliniambia baadaye kwamba alianza kumpenda yule mzee kwa lile dirisha.

Mwishoni akatugawia karatasi. Maswali arobaini, yote kwa Kifaransa. Baba Rehema alisoma Kurani na injini. Kifaransa chake ni cha vipuri, ambreyaji, amortisere, filta, basi. Na mtu mzima hapendi kumwambia binti wa chuo sielewi hapa. Alinisogezea karatasi kwenye benchi.

"Mama Swalehe, niwekee."

"Nikuwekee nini?"

"Vile unajua. Mi niko sawa."

Nikaweka. Wanangu, sikumsomea hata swali moja. Nilikuwa nimemaliza yangu, yote mazuri, nikaanza yake, yote mazuri. Analala vizuri, anakula vizuri, hasumbuliwi na kumbukumbu, hachoki kuliko kawaida. Kulikuwa na maneno yanazunguka kwamba atakayejibu vibaya ataondolewa barabarani, na mi sikutaka kuondolewa shoferi wangu. Lakini hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa na uhakika namjua. Ungeniamsha usingizini ukaniuliza Baba Rehema yuko vipi, ningekujibu na kurudi kulala.

Matokeo yakatoka. Watu wa kituo hiki wako vizuri ajabu, karatasi zimesema. Ila kuna muda unapotea: gari likileta marehemu linakaa bombani saa nzima wakati wagonjwa wengine wanasubiri. Dada Clarisse aliandika alichokiona, hakudanganya. Tuliombwa tueleze kama kuna sababu ya kuosha vile, hakuna aliyefungua kinywa. Ungeeleza vipi? Basi shefu akaleta watu wa mashine ya maji. Unafika, wanavamia gari, wanapiga sabuni, dakika kumi limekauka, twende tena.

Nilimuona Baba Rehema siku ya kwanza ya mashine. Alikaa kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, anatazama watu wengine wanaosha gari lake. Hakuwa anajua mikono aiweke wapi.

Baada ya hapo akaacha sambusa. Nikasema ni tumbo. Akaanza kuzunguka mbali ili asipite Cibitoke, hata gari likiwa tupu. Nikasema anakwepa foleni za mafuta, si mnajua siku hizo petroli ilivyokuwa, magari yamejipanga mpaka yanaziba barabara. Akaacha kuingia kwa kurudi nyuma. Anaingia kwa pua kama madereva wote, na mimi nikasema eh, uzee umemfikia. Kila kitu nilikuwa na jibu lake. Aliyekaa karibu naye kuliko watu wote ndiye aliyekuwa haoni.

Mpaka ile alasiri ya daraja. Tulikuwa tumembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Mutanga Nord, mtoto wa tatu, ule ambao hausubiri mtu. Niko nyuma naye, dada yake anamshika mkono. Tunakaribia daraja la Ntahangwa, gari likasimama. Nikangoja. Halijaondoka. Nikafungua kile kidirisha cha mbele.

Mbele yetu walikuwa wamechimba barabara. Mfanyakazi mmoja mwenye kofia ya plastiki alikuwa anatupungia mkono, rudi nyuma, rudi nyuma, mpite kule. Baba Rehema ameshika usukani kwa mikono miwili na shingo yote imelowa jasho.

"Baba Rehema, rudi basi, tupite kule."

Akatazama kile kioo cha nyuma, akarudisha macho mbele.

"Baba Rehema. Mama huyu anazaa."

"Siwezi," akasema. Miaka kumi na moja sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Mama Swalehe, mi siwezi kurudi nyuma."

Na mimi, wanangu, gari najua kulikalia tu. Nilishuka kwenye lile jua na glavu mkononi, nikapiga kelele kama mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo, nani anaendesha hapa? Nani anaendesha? Barabara yenyewe haina magari, wenye magari wote wako kwenye foleni ya mafuta. Yule wa kofia ya plastiki akasema yeye anaendesha lori la mchanga. Nikamwambia panda. Tukamsogeza Baba Rehema kwenye kiti changu, alikuja kama mtoto anayehamishwa akiwa na usingizi. Yule mtu wa mchanga alitupeleka na kofia yake kichwani, taratibu kama gari la bibi harusi, king'ora hakukijua kinawashwa wapi, na kila kona anaomba radhi. Mtoto alizaliwa tumeshaona geti la hospitali. Msichana. Alipiga kelele kuliko king'ora chenyewe, na Baba Rehema mbele kule akaweka kiganja usoni akalia.

Kesho yake shefu alituita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, mjue hilo. Alikuwa na gari lililosimama dakika nyingi na mama mwenye uchungu ndani, na ilibidi aandike kitu. Dada Clarisse alikuwepo pia, aliitwa kama mtu wa utafiti. Shefu alikuwa na karatasi mbele yake.

"Ningekuwa na mtu mgonjwa, ningemtuma apumzike," alisema. "Lakini huyu si mgonjwa. Mwenyewe amesema. Ona hapa: analala, anakula, hakuna kinachomsumbua. Basi alisimamisha gari kwa kutaka. Mtu wa namna hiyo siwezi kumrudisha barabarani."

Ilikuwa ile karatasi. Tiki zangu, zilizonyooka vizuri, zimepangwa kama askari. Baba Rehema aliitazama, hakusema kwamba si yeye aliyejaza. Angeondoka nayo hivyohivyo mpaka nyumbani, ili tu asinitaje mimi. Nilimuona usoni kwamba hatasema.

"Shefu, huo ni mkono wangu," nikasema. "Nilimjazia. Sikumsomea hata moja."

Shefu akanitazama. Dada Clarisse akachukua karatasi, akaangalia tiki, akaniangalia mimi. Akauliza polepole, "Mama, na wengine?"

Nikamwambia. Wengine walijaza pamoja, wanaulizana umeweka nini, wanaweka hivyohivyo. Karabaye, yaani limeshatokea, halirudi. Binti aliketi chini. Kazi ya muda wote ule, imeshapigwa chapa, imebaki kusimama mbele ya walimu wake.

"Mama Swalehe, umenibomolea nusu ya kitabu," alisema.

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

Akafuta macho kwa upande wa mkono, akamgeukia shefu. Akamwomba asiandike chochote siku ile. Akamwomba saa moja, chumba kimoja na karatasi nyeupe. Yaliyofuata upande wa ofisi mnayajua kwa sababu mnayaishi: ndoo na kitambaa vilirudi, anayetaka kuosha anaosha na hakuna saa inayopigwa, Baba Rehema alipumzishwa miezi kadhaa, kisha akapewa nyinyi kuwafundisha. Dada Clarisse alisogeza siku yake ya mtihani, akaanza upya, na alipita. Mi ninachotaka mkijue ni ile saa moja.

Tulikaa kwenye chumba cha kuwekea mashuka, watatu, tumekalia mabunda. Dada Clarisse alitaka kusoma maswali yeye, lakini Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea. Baba Rehema akasema, "Mama Swalehe asome." Baada ya yote niliyomfanyia.

Nikayageuza kwa Kiswahili chetu, moja moja. Unalala vizuri? Apana. Unakula? Kidogo. Kuna mahali unaogopa kupita? Akataja. Alikuwa anajibu neno mojamoja, na mimi ninaandika, na kila neno lilikuwa kinyume cha tiki yangu. Mi mwenye mdomo nilijiuma ulimi mara ngapi sijui, maana mara mbili nilishataka kumalizia sentensi yake.

Tukafika swali la mwisho. Linauliza: kazini, uko na mtu wa kuongea naye? Kalamu yangu ilikuwa imeshakwenda yenyewe upande wa ndiyo. Nikaizuia. Nikamsomea.

Akawa anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Apana," akasema.

"Na mimi je?"

"We unaongea, Mama Swalehe. Unaongea vizuri, mi napenda. Lakini mi ndiye sijaongea."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikaandika apana. Kisha nikaweka kalamu chini, nikasema, "Baba Rehema, ile siku ya Cibitoke." Nikafunga mdomo. Haikuwa kazi rahisi, wanangu.

Alichelewa, lakini alisema. "Ningepita njia ya chini toka mwanzo, ule mutoto angepona. Mi ndiye nilirudi nyuma. Zile dakika ni zangu."

Ndipo nikaelewa alichokuwa amebeba, na nani alimbebesha. Kwa sababu mimi nilijua kitu tangu pale mlangoni, tangu nilipompokea yule mtoto na kumshika shingo na kumfungua jicho. Nilijua, nikanyamaza, maana mama yake alikuwa ananitazama. Baadaye ningeweza kusema, na sikusema, maana sikudhani kuna aliyehitaji kusikia.

"Baba Rehema, yule mtoto alikuwa ameshafariki kabla hujawasha gari. Mwili ulikuwa umeshapoa. Nilibonyeza kwa ajili ya mama yake tu. Ungepita njia ya mbinguni, ungefika na marehemu."

Akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Kila Ijumaa," akasema, "nikitoka musikitini, namuomba ule mutoto anisamehe. Kila Ijumaa, Mama Swalehe."

Nililia mbele yake bila aibu yoyote, mtu mzima wa miaka yangu, juu ya mabunda ya mashuka. Dada Clarisse aliacha kuandika. Baba Rehema alinisubiri mpaka nikamaliza, kisha akachukua karatasi nyingine nyeupe kutoka kwa binti, na ile kalamu, akaviweka kwenye goti lake. Kuandika Kifaransa hajui, lakini aliishika kalamu kama mtu aliye tayari.

"Sasa we," akasema. "We uko je?"

Miaka ishirini na sita ya kazi, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo na akanyamaza kusubiri. Nikafungua mdomo nimwambie niko sawa, na neno halikutoka.